R kwa anayeandika tasnifu: ngumu mwanzoni, lakini data yote inaonekana

Nawasaidia wanafunzi wa uzamili hapa Morogoro kuchakata data za tasnifu, nyingi za kilimo na mifugo. Wengi huja na jedwali la Excel na grafu ya nguzo, wakiuliza, "Dada, hii si inatosha?" Mara nyingi haitoshi, na programu ninayowaelekeza ni R, ya kuchakata takwimu na kuchora grafu kwa kuandika amri.

Ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand; toleo la 1.0.0 lilitoka Februari 2000. Ni ya bure, na laptop ya zamani inaimudu.

Sababu ya kuipenda utaiona ukifungua ToothGrowth, data inayokuja ndani yake. Simbilisi 60 walipewa vitamini C, miligramu 0.5, 1 au 2 kwa siku, wengine kwa juisi ya machungwa, wengine kwa asidi askobiki, kumi kumi kila kundi. Kisha ukapimwa urefu wa seli zinazojenga meno. Kwa dozi ya 0.5, wastani wa juisi ni 13.23 na wa asidi ni 7.98. Kwa dozi ya 2 ni 26.06 na 26.14. Chora nguzo za dozi hiyo ya 2, zitalingana kimo, nawe utaandika kwamba hakuna tofauti. Sasa chora kila simbilisi kwa nukta yake. Wa juisi wako kati ya 22.4 na 30.9, wa asidi wametawanyika kuanzia 18.5 hadi 33.9. Kwa wanyama kumi sitadai makubwa, ila msomaji ana haki ya kuuona mtawanyiko huo, na nguzo zimemnyima.

Jambo la pili ni amri zenyewe. Kila hatua imeandikwa, kwa hiyo msimamizi akiuliza kwa nini kiploti fulani (kipande cha shamba la jaribio) kimeondolewa, jibu lipo. Kwenye Excel mstari ukifutwa umefutwa.

Na kabla ya kupanda, amri ya sample itakupangia viploti kwa bahati nasibu. Wengi huiruka hatua hii, halafu mbegu mpya inaangukia upande wenye rutuba na mwisho wa msimu hakuna anayejua kilichozaa ni mbegu au udongo. Hapo hakuna programu itakayokuokoa.

Kasoro zipo. Herufi kubwa na ndogo hazichanganywi: ukiita safu "mavuno" halafu uandike "Mavuno", inagoma, tena kwa ujumbe wa Kiingereza unaomtisha mgeni. Kifurushi cha ggplot2 cha kuchorea kinapakuliwa kivyake, kwa hiyo andaa bando.

Kubwa zaidi, ukiziita mbolea zako tatu 1, 2 na 3, R itadhani ni kiasi na itachora mstari badala ya kulinganisha makundi. Haitakuonya. Tumia kwanza amri ya factor, inayoiambia R kwamba namba hizo ni majina ya makundi, kisha kwenye jedwali la ANOVA (uchanganuzi wa kulinganisha wastani wa makundi) angalia digrii za uhuru za mbolea, yaani idadi ya makundi ukitoa moja: zinatakiwa kuwa 2. Ukiona 1, simama hapo hapo, usinakili hata namba moja kwenye tasnifu.

Kwa dodoso dogo la asilimia tu, bakini na Excel. Mwenye jaribio la shambani aanze kujifunza R mapema, mbegu zikiwa bado ghalani.