Kumchagulia wifi leso, Mtaa wa Biashara, Mombasa

Ukitaka kumpa mtu leso, rangi si kazi. Kazi ni jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso. Tena ukiwa unampelekea wifi, lisome mara mbili, maana yeye atalisoma kabla hajakigusa kitambaa. Leso iliyoandikwa "Wivu wako umasikini wako" hata ing'ae vipi, ukimpa wifi umeshamtukana, na maneno yatafika kwa mama mkwe kabla ya magharibi.

Wifi yangu amejifungua baada ya kungoja miaka mingi, kwa hiyo nilikwenda Mtaa wa Biashara, ambako maduka ya leso yamepangana. Niliingia duka dogo lenye leso mpaka darini. Muuzaji, mzee wa makamo, hakuniuliza nataka rangi gani. Aliniuliza, "Ni ya kumpa nani, mama?" Nilipomwambia ni ya wifi, mzazi, akarudisha rafuni rundo zima alilokwisha kuliteremsha.

Mimi nilivutiwa na moja ya zambarau, pindo lenye nakshi ya korosho, mji, yaani sehemu ya katikati, wa manjano. Jina lake: "Japo sipati tamaa sikati." Mzee akaikunja taratibu. "Huyu ameshapata, mama. Usimkumbushe." Mimi nilikuwa naangalia korosho tu! Kwa neno lile peke yake duka hili nalipatia alama zote. Alinionyesha na kisutu, kile chekundu, cheusi na cheupe, hakina jina hata moja, lakini hicho nakiona cha bibi harusi zaidi. Mwishoni tukakubaliana "Nani kama mama", nyekundu, chapa ya Mali ya Abdulla. Doti, yaani leso mbili zilizoungana, nililipa shilingi 800.

Angalieni kitambaa pia. Hii ni pamba tupu: mpya ni ngumu kwa wanga, ukiifua mara mbili tatu inalainika na inanyonya maji, ndivyo inavyotakiwa kwa mtu wa kufunga na kubeba mtoto. Mifuo ya kwanza ifuliwe peke yake, nyekundu hutoa rangi. Zile zilizochanganywa na poliesta huteleza mkononi, na joto la Mombasa mnalijua.

Kasoro ipo. Jina ukilipenda, rangi ni ile iliyopo. "Nani kama mama" ya kijani niliitaka sana, haikuwapo. Nafasi ya kusimama ni ndogo, wateja wawili mmejaa. Na nje kuna wanaouza leso zimefungwa ndani ya karatasi ya nailoni na hawataki uzifungue. Hizo msinunulie mtu zawadi. Leso usiyoisoma huijui inakwenda kusema nini kwa watu.

Doti huuzwa haijakatwa wala kupindwa. Mpeni fundi wa cherehani aimalize kabla hamjaifunga, mzazi asipewe kazi. Na Ijumaa nendeni asubuhi, adhuhuri wengi hufunga kwa swala.