Misimu mitatu ya kununua miche katika kitalu nyumba cha chuo kikuu, Dodoma

Nimekuwa mteja wa kitalu nyumba cha chuo kikuu kimoja hapa Dodoma kwa misimu mitatu sasa, na kwa kuwa majirani zangu wa Ihumwa hunisimamisha mara kwa mara kuniuliza kama miche yake inashika, nimeona niandike kwa utulivu yale niliyoyaona, mazuri na mabaya, ili anayefikiria kwenda huko aende akijua anachokifuata.

Kitalu chenyewe si kikubwa. Kuna nyumba moja ya nailoni ambamo nyanya na pilipili hoho huoteshwa kwa ajili ya mafunzo, na ubavuni mwake kuna banda refu lililofunikwa neti nyeusi ya kivuli, ambalo ndilo duka hasa: viriba vya mipapai, mipera na mikomamanga, michungwa na milimao iliyobebeshwa (yaani iliyounganishwa juu ya shina la mche mwingine), bogenvilia za rangi mbalimbali, na trei za miche ya mboga. Wanaohudumia ni wanafunzi wa kilimo wanaopokezana zamu chini ya fundi mmoja wa chuo. Malipo ni kwa simu, na risiti hutolewa bila kuombwa.

Siku ya kwanza nilikwenda Januari, mvua zikiwa zimekolea, nikitaka miparachichi sita. Binti aliyekuwa zamu alinisalimu, "Shikamoo mama," nikaitikia, nikamweleza haja yangu. Kabla hajanionesha mche wowote aliniuliza, "Mama, nyumbani unamwagilia maji gani?" Nikamjibu kwamba ni ya kisima, nayo yana chumvi ya kuonjeka ulimini. "Basi miparachichi itakusumbua, mama yangu. Njoo uone."

Alinipeleka nyuma ya banda palipokuwa na mparachichi mmoja walioumwagilia maji ya chumvi kwa makusudi ya kujifunza. Nilichuma jani moja nikaligeuza mkononi. Katikati lilikuwa bado kijani, lakini ncha yake ilikuwa kahawia na imekauka kama karatasi iliyopitiwa na moto, na ule ukavu ulikuwa ukitambaa kwenye kingo zote mbili kuelekea kwenye kikonyo. Binti akanieleza kwamba mparachichi ni miongoni mwa miti ya matunda isiyostahimili chumvi kabisa, kwamba hukusanya chumvi hiyo kwenye majani ya zamani hadi yaungue, na kwamba mkomamanga huvumilia maji ya namna hiyo vizuri zaidi. Nilirudi nyumbani na mikomamanga minne na mipera miwili. Nilikuwa nimekwenda na fedha ya miparachichi sita kwa shilingi 5,000 kila mmoja. Nilitumia shilingi 16,000 tu. Chuo kilipata pungufu siku ile kwa sababu ya swali moja la haki, na ni kwa swali hilo ninakiheshimu kitalu hiki. Mikomamanga yote minne iko hai hadi leo, na miwili imeshaanza kuzaa.

Tatizo nililokutana nalo msimu wa pili lilitokana na kalenda. Siku kubwa ya mauzo huwekwa Julai, masomo yanapokaribia kufungwa, kwa sababu wanafunzi wanataka kukabidhi banda likiwa tupu kabla ya likizo. Kwa ratiba ya chuo hilo linaeleweka, lakini kwa mkulima wa Dodoma ni wakati mgumu kuliko yote. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, nayo haizidi sana milimita 600 kwa mwaka. Julai ardhi imeshakauka, upepo unavuma mchana kutwa, na mche mchanga hauna cha kujishikiza. Mimi, kwa kuvutiwa na bei ya punguzo, nilinunua mipapai ishirini, nikainunulia na maji ya boza ili isianzie kwenye chumvi. Ndani ya siku kumi ilikuwa imekufa kumi na mitatu.

Niling'oa mmoja nikausafisha udongo. Mzizi mkuu ulikuwa umefika chini ya kiriba, ukakosa pa kwenda, ukajizungusha mara mbili kama kamba iliyokunjwa. Miche ile ilikuwa imekaa muda mrefu mno ikisubiri siku ya mauzo, kisha ikatolewa kwenye kivuli cha neti na kuingia moja kwa moja kwenye jua kali, bila kuzoeshwa.

Nilirudi na mche ule mkononi. Fedha hazikurudishwa, na hilo lilinikera, kwa kuwa kosa halikuwa langu peke yangu. Hata hivyo fundi aliukagua mzizi, akaniuliza tarehe niliyopanda na kiasi cha maji nilichotoa, akaandika yote kwenye daftari. Mwaka uliofuata nilikuta wamebadilisha utaratibu: miche inayokaribia kuuzwa hutolewa nje ya neti wiki mbili kabla, ikipunguziwa maji kidogo kidogo hadi majani yakomae, na iliyopitiliza umri kwenye kiriba haiuzwi tena. Msimu huo wa tatu nilinunua mipapai mingine ishirini mwezi Desemba, nikaelekezwa nipande mitatu katika kila shimo, kwa kuwa dume na jike havijulikani hadi maua yatoke, kisha nipunguze. Imeshika kumi na minane.

Yapo ambayo bado hayajakaa sawa. Vibao vya majina ya aina hupotea, na mlimao mmoja niliouziwa uliotesha machipukizi chini ya kiungo, yakawa ya lile shina la chini lililobebeshwa na si ya limau nililolitaka. Ni lazima mnunuzi ayakate mapema, na afungue pia ule utepe wa nailoni kwenye kiungo kabla haujakata gome, maana hakuna aliyenikumbusha. Jumamosi na Jumapili pamefungwa. Na wakati wa likizo zamu hubaki na mtu mmoja au wawili, trei za mboga zinanyauka, hivyo nisingemshauri mtu afuate miche ya nyanya huko mwezi Septemba.

Kwa miti ya matunda nitaendelea kununua kwao, lakini Desemba na si Julai. Siku hizi wana kipimo kidogo cha chumvi ambacho hukitumbukiza kwenye maji ya mteja na kumpa jibu papo hapo, bila malipo. Mvua ya kwanza ikilowesha udongo nitakwenda tena, nikiwa nimebeba chupa ya maji ya kisima cha jirani yangu, ambaye bado anataka miparachichi.