Mfanyakazi Hodari au Nyongeza ya Mshahara?

Katika sherehe za Mei Mosi nchini Tanzania, zawadi za aina mbili huweza kukutana katika uwanja mmoja. Ya kwanza ni ya mfanyakazi hodari, anayeitwa mbele ya wenzake kukabidhiwa cheti na bahasha. Ya pili ni nyongeza ya mshahara, kama ile iliyotangazwa Singida mwaka 2025, ambapo kima cha chini cha watumishi wa umma kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000.

Nyongeza hutuliza manung'uniko, hupunguza mikopo ya mwisho wa mwezi na huingia katika hesabu ya mafao ya uzeeni. Lakini kwa kuwa humfikia mchapakazi na mtegaji kwa pamoja, haimwambii yeyote kwamba kazi yake imeonekana. Cheti husema hivyo hasa, na huweza kumfunga mtu na ofisi yake kwa miaka, ilimradi wenzake wanajua alivyochaguliwa. Pale uhodari unapozungushwa kwa zamu kila idara (jambo lisilo geni), hata mshindi hukipokea akitabasamu kwa haya.

Kwa maoni yangu, mshahara utangulie: cheti ukutani hakilipi kodi ya nyumba.