Pentax K1000 mjini Kampala: uzoefu wangu na kamera ya mkanda

Nianze na bei, maana ndilo swali ninaloulizwa kila nikiitoa begani. Pentax K1000 yangu, pamoja na lenzi ya milimita 50, niliinunua shilingi 280,000 kwa mzee mmoja wa Nakawa aliyekuwa anafunga studio yake ya picha za pasipoti. Ukiagiza ya namna hiyo kutoka nje, ukalipia usafiri na ushuru, utatoa zaidi ya hapo. Tulipatana bei kidogo tu. Pesa hazikumsumbua sana mzee, alichotaka kuhakikisha ni kitu kimoja: "Unakwenda kuifanyia kazi, au unakwenda kuipanga kabatini?"

Naifanyia kazi, na habari zake ndizo hizi.

K1000 ilitoka kiwandani kuanzia mwaka 1976 hadi 1997, ndiyo maana mpaka leo bado zinapatikana. Ni chuma, na uzito wake utausikia shingoni ikifika saa nane mchana. Haijifanyii chochote: fokasi unazungusha wewe, ukubwa wa tundu la lenzi linaloingiza mwanga unachagua wewe, kasi ya shata, yaani pazia linalofunguka na kufunga mbele ya mkanda, unaweka wewe, kutoka sekunde 1 hadi 1/1000, na mkanda unausogeza kwa kidole gumba. Betri inalisha kipima mwanga peke yake. Ikifa, kamera inaendelea kupiga kama kawaida. Betri yenyewe ni kile kidonge cha LR44, mafundi saa wa katikati ya mji wanacho. Ila kipima mwanga hicho hakina swichi ya kukizima. Madhali mwanga unaingia kwenye lenzi, betri inaliwa, hata kama kamera imelala mezani. Dawa yake ni kifuniko cha lenzi. Ukimaliza kupiga, funika.

Kabla hujatoa pesa, ikague vizuri. Kwa hali ya hewa ya kwetu adui wa kwanza wa lenzi ni kuvu, na huo mfuko wa ngozi watu wanaousifia ndiyo nyumba yake, maana unashika unyevu. Fungua tundu la lenzi lote, washa tochi ya simu kwa nyuma, chungulia kwa mbele. Vumbi lisikutishe. Ukiona nyuzi nyembamba zimetambaa kama utando wa buibui, rudisha kamera, aga vizuri, nenda zako. Yangu lenzi ilikuwa safi, kilichooza kilikuwa sponji nyeusi zinazoziba mwanga kwenye mlango wa nyuma. Ukizigusa kwa ukucha zinanata na kuacha wino mweusi kidoleni. Sponji zikifika hapo, mwanga unapenya na kuunguza mkanda, unapata michirizi myekundu katikati ya picha. Nilizikwangua kwa kijiti cha meno na pamba yenye spiriti, nikapanga uzi mweusi wa kufumia sweta ndani ya vijia vyake. Hadi leo haijavuja. Naihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Tuje kwenye mwanga, ambako kamera hii ilinifundisha kazi upya. Ukichungulia, kuna sindano upande wa kulia, ikikaa katikati mwanga umetosha. Kwa maelezo ni rahisi. Lakini sindano hiyo inapima fremu nzima kwa wastani, na inadhani kila kilicho mbele yake kina rangi ya kijivu cha kati. Msimamishe mtu mweusi mbele ya anga jeupe la saa saba mchana, uifuate sindano, utapata kivuli chenye kofia. Simu za siku hizi zinamtafuta mtu usoni na kurekebisha zenyewe. Hii haitofautishi uso na ukuta. Ninachofanya mimi, nainamisha kamera kwenye murram, ule udongo mwekundu wa barabarani, au kwenye majani yaliyo katika mwanga uleule aliosimama mtu, naweka sindano katikati, kisha nainua na kupiga, sindano iseme inavyotaka. Nikiwa na shaka naongeza mwanga kidogo, kwa sababu negativu za rangi, yaani mkanda wenyewe ukishasafishwa, zinavumilia mwanga ukizidi kuliko ukipungua. Jua likiwa kali kabisa hata sindano siihitaji: tundu naweka f/16, mkanda wenye wepesi wa ISO 200 naupiga kwa 1/250, basi.

Tena lawama zote si za kamera. Kwa miaka mingi maabara za picha zilikuwa zikipokea kutoka Kodak kadi za kulinganishia rangi zenye sura ya mwanamke mzungu, zikiitwa kadi za Shirley. Fundi akizifuata, mzungu anatoka vizuri, sisi tunatoka meno na macho. Wazee waliolalamika kwamba studio "imewachoma" walikuwa na haki yao. Mikanda ya sasa ni mingine kabisa, na Kodak Gold 200 saa kumi na moja jioni inaitendea haki ngozi nyeusi kuliko simu yangu, inayopenda kunitakatisha bila kuombwa.

Sasa machungu. Mkanda Kampala ni wa kutafuta. Mimi naagizia kwa watu wanaosafiri, na nawasisitiza wauweke kwenye begi la mkononi na waombe ukaguliwe kwa mkono, kwa sababu mashine za mizigo mikubwa zinauharibu. Mpaka unifikie unanigharimu karibu shilingi 60,000, na una picha 36 tu. Ukijumlisha gharama ya kusafisha, kila mbofyo ni bei ya rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, ya mayai mawili. Ndiyo maana siku hizi napumua kwanza.

Wa nyeusi na nyeupe, Ilford HP5, nausafisha mwenyewe bafuni. Hakuna haja ya chumba cha giza kizima, mfuko mweusi wa kuingiza mikono na tanki vinatosha. Dawa ya D-76 bila kuichanganya na maji zaidi inataka dakika saba na nusu kwa nyuzijoto 20, na maji ya bomba la kwetu hayafiki ubaridi huo, kwa hiyo chupa mbili zinalala kwenye friji karibu na maziwa. Mke wangu ameziandika kwa wino mkubwa. Wa rangi unataka nyuzijoto 38 bila kuyumba, nao naupeleka Nairobi kwa basi.

Kabla ya hapo nilijaribu duka moja la picha hapa mjini. Nikaletewa picha zilizoskaniwa, negativu hakuna, wamezitupa. Nilipouliza, kijana wa kaunta akanishangaa: "Si tumekutumia kwenye WhatsApp?" Kwangu mimi hapo ndipo kila kitu kilipo. Picha za simu ninazo maelfu, na simu ikiibiwa zimekwenda. Negativu unaishika, unaiinua dirishani, unamwona mtu. Mwaka 2015, kwenye ofisi za shirika la utangazaji la Uganda, UBC, lilikutwa kabati lenye negativu zipatazo 70,000 zilizopigwa na wapiga picha wa serikali, nyingi za enzi za Idi Amin, na nyingi hazikuwahi kuchapishwa kabisa. Baadhi zilionyeshwa Makumbusho ya Uganda mwaka 2019. Angekuwa yule kijana wa kaunta ndiye mtunza kabati, tusingeona hata moja.

Kwetu Bombo niliipeleka nikampige bibi akisuka kawa la rangi kibarazani. (Karibu na kambi ya jeshi kifuniko cha lenzi hakitoki, hilo halihitaji kufundishwa.) Vijana wakimpiga kwa simu huwa anatoa mkono aone kwanza. Safari hii alikaa sawa, akavuta mtandio, akatazama lenzi moja kwa moja.

"Zitatoka lini, mjukuu wangu?"

"Zikisafishwa, bibi. Labda wiki mbili."

"Sawa. Uniletee ya karatasi. Ya kwenye kioo cha simu mimi siiweki ukutani."

Nilimpelekea kubwa, nyeusi na nyeupe. Akasema mkono wa kushoto umetoka mnene, ila kawa limetoka vizuri.

Ukiwa unaishi kwa kupiga kwanjula, yaani sherehe za utambulisho wa wachumba, na harusi, usiende na K1000 peke yake, maana wateja wanataka picha kabla chakula hakijapoa. Kwa picha zako mwenyewe, na watu unaoweza kuwarudia, inunue. Ukipewa ya bei ya kutupa ambayo shata imekwama, iache hapohapo. Fundi niliyemuuliza alitaka, kwa kuifungua tu na kuirudisha, pesa inayokaribia bei ya kamera nzima, na hakuahidi kwamba itapona.