Mtamba yupi ununue: mwenye mimba, wa kupandisha, au ndama?

Mwenye hela ya ng'ombe mmoja tu wa maziwa, awe Kilimanjaro, Njombe au Rungwe, asianze kubishana aina, Friesian au Jersey. Aulize kwanza mtamba, yaani jike ambaye hajazaa bado, yuko hatua gani. Mimi nawapanga hivi.

1. Mwenye mimba ya miezi mitano hadi saba. Ng'ombe hubeba mimba miezi tisa na siku chache, kwa hiyo hukai sana bila maziwa. Wa miezi minane mwache, asije akazalia kwenye Fuso. Karatasi ya uhimilishaji, yaani kupandishwa kwa mbegu bila dume, isikutulize. Kupandishwa si kushika mimba. Nenda na bwana mifugo wako, si wa muuzaji, avae glovu ndefu apime kwa mkono. Mimi niliwahi kuamini tumbo. Lilikuwa limejaa majani, nikalisha mtamba mtupu karibu mwaka mzima.

Ukiwa hapo hapo, inama ushike kiwele. Chuchu nne, zimeachana, laini, hakuna uvimbe. Ndama wakifungiwa pamoja hunyonyana, na chuchu huweza kuziba mapema, nawe ukaja kugundua siku ya kukamua. Halafu mfungue mdomo. Meno mawili ya kudumu ya mbele, mapana kuliko ya utoto, hutoka akiwa na miaka miwili hivi. Ukiyakuta manane, huyo ni mama mtu mzima. Muulize muuzaji ndama wake wako wapi.

2. Wa kupandisha. Bei inashuka, na mbegu unachagua mwenyewe. Angalia uzito kuliko umri: Friesian akaribie kilo 300, Jersey kilo 230 hivi. Mkanda wa kuzungushia kifua unatosha kukadiria. Na uliza alizaliwa peke yake? Jike aliyezaliwa pacha na dume, zaidi ya tisa kati ya kumi huwa tasa. Hao huuzwa wakiwa wamenona na wanang'aa, maana hakuna kilichowachosha.

3. Ndama jike aliyeachishwa kunyonya. Rahisi kununua, ghali kukuza: utalisha zaidi ya mwaka mmoja na nusu kabla ya tone la maziwa. Adui yake mkubwa ni ndigana kali, ile ya kupe. Kama amechanjwa, ongeza bei bila kinyongo.

4. Wa mnadani. Hana kumbukumbu, na ugonjwa wa kutupa mimba hauonekani kwa macho. Dalali atakuapia kwa mama yake. Mimi siendi.

Ila kama kijijini kwenu kuna mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, jiandikishe huko kwanza: unapewa mtamba, unalipa kwa jike wake wa kwanza. Kwa wanaonunua, kibali cha kusafirisha kichukuliwe kabla ya gari kukodiwa, na majani ya tembo yawe yameshafika kiunoni shambani kwako siku anaposhushwa.