Mwaka mmoja na GPS ya Fuso: ramani safi, sensa ya mafuta imenigombanisha na dereva

Nina Fuso moja, napakia viazi Isyonje na kupeleka Mabibo, Dar es Salaam. Kutoka hapa Uyole ni zaidi ya kilomita 800, na kwa miaka mingi kifaa changu cha kufuatilia mzigo kilikuwa maneno tu. "Umefika wapi, Baba Neema?" "Nakaribia Makambako, mama." Huko kukaribia kwa madereva mnakujua wenyewe. Mwaka jana nikafunga GPS pamoja na sensa ya mafuta, kile kidude kinachopima mafuta ndani ya tangi: Sh 750,000 vyote viwili, kisha Sh 25,000 kila mwezi.

GPS yenyewe sina ugomvi nayo. Gari naliona kwenye simu, likivuka spidi 80 napata ujumbe, na mnunuzi namtumia linki aangalie mwenyewe. Zamani vibarua walikaa sokoni tangu alfajiri gari likiwa bado Chalinze, na hela ya kuwakalisha inatoka kwangu. Sasa wanaitwa likishapita Kibaha. Mtandao ukikatika njiani si shida, maana satelaiti ndizo zinazokiwezesha kifaa kujua kilipo. Laini ya simu iliyomo ndani kazi yake ni kupeleka taarifa, ikikosa mtandao kinazitunza na kuzituma baadaye. Ila bando la ile laini liangalieni. Siku mbili nzima ramani ilinionyesha Fuso limelala Igurusi. Nimewaza pancha, nimewaza na mabaya zaidi, kumbe viazi vilishashushwa Dar na gari lilikuwa linaoshwa.

Sasa sensa. Safari ya tatu, saa nane usiku, simu ikalia: gari limesimama mlima Kitonga, injini imezimwa, mafuta yamepungua lita 38. Nani hajui habari za dumu na mpira wa kunyonyea? Nilimpigia Baba Neema papo hapo. Akaniambia kuna lori limekwama mbele, foleni haisogei, mafuta hajagusa. Sikumwamini. Aliporudi nikamkata hela ya lita 38, na kwa hasira nikalisema jambo hilo mbele ya watu pale maegesho. Yeye akajibu kwa upole tu, "Basi mama, mlima ndio umeiba."

Wiki iliyofuata nilipanda naye kwenda kupakia. Tukishuka kutoka Isyonje akaegesha pembeni palipo na mteremko, tandiboi akaweka mawe kwenye matairi, injini ikazimwa, ufunguo akanikabidhi mkononi. Tukakaa kama nusu saa, mimi nikiwa nimesimama kando ya tangi lenyewe. Simu ikalia: mafuta yamepungua lita 31.

Niliona aibu sana. Fundi alikuwa ameiweka sensa upande wa nyuma wa tangi, kwa hiyo gari likiinamia mbele mafuta nayo yanakimbilia mbele, sensa inaona yameisha. Nilipofungua grafu ya ule usiku wa Kitonga, ambayo sikuwahi kuifungua, nikakuta lita karibu zote zimerudi zenyewe gari lilipofika tambarare ya Ruaha Mbuyuni. Wala tangi halikupimwa inavyotakiwa. Linatakiwa kumwagwa lote, kisha kujazwa kidogo kidogo, lita 20 kwa 20, kila hatua ikiandikwa kwenye mfumo. Yule fundi alipima tangi likiwa nusu na likiwa limejaa, akaondoka zake. Waliponiuzia hawakuniuliza hata gari linapita njia gani! Kurudia kazi nikatozwa tena.

Siku hizi sensa iko katikati ya tangi, na kengele imewekewa kusubiri gari litembee kidogo ndipo ilie. Imetulia, ingawa si kabisa. GPS naipa nyota tano. Sensa tatu, na waliokuja kufunga moja.

Hela ya Baba Neema nilimrudishia. Alizihesabu, akaziweka mfukoni, akauliza, "Na jina, mama, unalirudishaje?" Nikaenda pale pale maegesho nikasema nilikosea, na programu nikamwekea kwenye simu yake aone ninachokiona. Sasa usiku ananipigia yeye kabla: "Mama, tunaanza kushuka Kitonga, ikilia usiamke."