Unga wa kopo "unaootesha mishipa ya fahamu": maoni yangu baada ya baba kuutumia

Kopo ni la gramu 200, unga wa rangi ya kahawia wenye harufu ya maharage mabichi, bei shilingi 95,000. Mbele limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba unga huu unaotesha upya mishipa ya fahamu kwa wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha na kukakamaza mwili. Jina la bidhaa wala la muuzaji silitaji, maana makopo ya namna hii ni mengi na ahadi zake ni zile zile.

Aliyeutumia ni baba yangu, fundi cherehani wa Tanga. Ugonjwa ulimnyima kutunga uzi kwenye sindano kabla hata mkono haujaanza kutetemeka. Hospitali alipewa vidonge vya levodopa, dawa inayogeuka ubongoni kuwa dopamini, kemikali inayoongoza mwendo wa mwili; ndani vina pia dawa ya kuisaidia, kabidopa, na anavimeza kwa saa maalumu. Kopo alilileta shangazi kwa mapenzi yake yote, na baba hawezi kumkatalia dada yake.

Kwanza niseme kweli: unga ulifanya kazi. Baba alifunga vifungo vya shati mwenyewe, akaenda msikitini kwa hatua ndefu, hakuburuza miguu. Shangazi alitokwa machozi. Nami nilifurahi, kisha nikaligeuza kopo kusoma limetengenezwa na nini. Kilichomo ni kimoja tu: mbegu za Mucuna pruriens. Huo ni upupu, upupu huu huu unaotuwasha vichakani. Mbegu zake zina levodopa ya asili, dawa ile ile iliyomo kwenye vidonge vya hospitali. Baba alikuwa ameongezewa dozi ambayo hakuna aliyeipima. Hakuna kilichoota.

Maudhi yakafuata. Alichafukwa na moyo hadi akatapika, na jioni shingo na mabega vikawa vinajipinda vyenyewe, dalili ya kuzidiwa na dawa. Kwenye vidonge, kabidopa huizuia levodopa isigeuke dopamini njiani kabla ya kufika kwenye ubongo, na ndiyo inayopunguza kichefuchefu. Kwenye unga haimo. Tena lebo inaelekeza uchanganywe na maziwa ya moto! Protini ya maziwa hushindana na levodopa kupita utumboni, ndiyo maana tuliambiwa baba ameze vidonge vyake kama nusu saa kabla ya chakula.

Lakini kinachoniuma zaidi ni lile neno kuotesha, kwa sababu jambo lenyewe wapo watu wanaolihangaikia kweli. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walitangaza protini iitwayo GDNF, inayozilisha na kuzilinda seli zinazotengeneza dopamini, zile zile zinazokufa kwa mgonjwa wa Parkinson. Ukiimeza haikusaidii, maana protini hiyo ni kubwa mno kuvuka kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Inabidi ipelekwe ndani ya ubongo wenyewe. Mjini Bristol, Uingereza, daktari wa upasuaji Steven Gill aliwapa hivyo wagonjwa watano, na matokeo yakatoka mwaka 2003. Mmoja wao alikuja kufa kwa ugonjwa wa moyo. Ubongo wake ulipochunguzwa, nyuzi za neva zilikuwa zimechipua upande uliopata dawa. Nilisoma habari hiyo usiku, nikashindwa kulala.

Kisha kampuni ya dawa ya Amgen ikasimamisha majaribio yake ya GDNF mwaka 2004: wagonjwa 34 walipolinganishwa, dawa haikuonyesha tofauti ya kutosha, na kulikuwa na hofu ya usalama. Bristol wakarudi tena, safari hii na watu 41. Roboti ilisaidia kupitisha mirija minne ndani ya ubongo wa kila mmoja, na nyuma ya sikio likawekwa tundu la kupitishia dawa kila baada ya wiki nne. Matokeo yalitangazwa mwaka 2019. Picha za ubongo zilionyesha dalili za seli kuamka, ila kwenye kipimo kikuu cha mwendo, baada ya miezi tisa, waliopata dawa hawakuwazidi vya kutosha waliowekewa kimiminika kisicho na dawa. Sasa njia inayojaribiwa Marekani na Ulaya, kwa jina AB-1005, ni kupeleka ubongoni jeni la GDNF, yaani maelekezo ya kuitengeneza, kwa virusi visivyodhuru, ili ubongo ujitengenezee wenyewe. Bado ni majaribio.

Watu wamekubali kutobolewa fuvu ili tupate jibu, halafu mtu anachapisha jibu hilo kwenye kopo la upupu. Hilo sikubaliani nalo hata kidogo.

Nyota mbili kati ya tano. Nazitoa kwa upupu wenyewe, maana una dawa ya kweli ndani yake, na kwa aliyeandika jina la mmea bila kuficha. Kwa ahadi ya kuotesha, hakuna nyota.

Kama mzee wako tayari anautumia, usimkatishe ghafla. Kuacha levodopa kwa mara moja kunaweza kumkakamaza mwili na kumletea homa kali. Lichukue kopo lenyewe uende nalo kliniki pamoja na vidonge vyake, umwonyeshe daktari anakunywa vijiko vingapi na saa ngapi. Sisi tulifanya hivyo, unga ukapunguzwa kidogo kidogo, na shangazi alikuwepo akisikiliza.